Mikono Hii Ilimuuza

Lawrence Heights, Toronto
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Fareen, binti yangu,

Bwana asifiwe. Natumaini kule Montreal hausikii baridi sana, na kazi yako ya kumalizia sauti ya film inaendelea. Nakuandikia kwa sababu kwa simu nitaanza kulia na hautasikia kitu. Vumilia Kiswahili yangu. Yangu ni ya Uvira, yako ni ya Mwanza, lakini siku zote tumesikilizana.

Jana walituonyesha film katika jumba la kanisa yetu, karibu na njia panda ya Jane na Finch. Rehan mwenye film alituma kijana wa kufunga mashini, yeye mwenyewe hakufika, unajua wakubwa wa film. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama kwa mlango. Kujiona ukutani mkubwa vile, na tumbo yangu yote, nilishtuka. Wamama wa kwaya walicheka. Tulipofika pale Mwavita, yule mama niliyemuigiza, anasimama mbele ya nyumba na kusema, "Nilimuuza. Mikono hii ilimuuza," na machozi yanamwagika, shemeji yangu Gervais akasimama na kusema aleluya. Gervais huyu hapigi makofi hata kwa pasta. Wazee walilia. Walinishika mikono wakasema nimemuheshimu yule mwanamke wa zamani, na nimewaheshimu wote waliopita njia za misafara ya watumwa.

Kitu kimoja kilinishangaza. Zile siku tulipiga picha kule machimbo ya kokoto, na mbuzi za kukodi, na mbu za Kanada kwa miguu, mimi nikibishana na mwenye msafara juu ya mutoto Sifa, ziko wapi? Film inaruka. Sifa anafungwa kamba, kisha mimi niko kwa mlango wangu nasema lile neno. Nikajisemea, Fareen amebakisha mchuzi, nyama ametupa. Lakini wazee hawakulalamika. Hadithi wanaijua, walijaza wenyewe.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Unamujua Joyeuse wangu. Ana miaka kumi na sita, Kiswahili anasikia kidogo, anajibu kwa Kiingereza. Alikaa mbele na vijana wenzake, wakisoma yale maandishi ya Kiingereza ya chini. Film haijaisha, akasimama akatoka. Nyumbani nilimukuta kwa mlango, koti bado mwilini. Akaniuliza: yale maneno ni ya film tu, ao ni yale nasemaka kanisani kwa siku yake ya kuzaliwa? Nikajibu kwa furaha: ni yale yale, mutoto wangu. Mbele ya kamera sikumufikiria Sifa, nilikufikiria wewe.

Aliniangalia kama mutu hanijui. Akaweka nguo kwa mfuko, akaenda kwa Gervais kule Malvern. Gervais anasema hali chakula, na jina langu hataki kulisikia.

Fareen, uliandika nini pale chini? Kwangu Kiingereza inapita mbio, siwezi kuisoma na kujiangalia wakati mmoja.

Godelive, Mama Joyeuse

*

Montreal
14 Oktoba 2025

Shikamoo Mama Joyeuse,

Pole sana kwa habari za Joyeuse. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kuna mahali nimeogopa. Nitafika huko. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Rehan aliniletea filamu ya karibu saa nne. Wasambazaji walitaka saa mbili. Watu wanadhani kazi ya mhariri ni kutoa vitu, basi. Kumbe ukitoa kimoja, vilivyobaki navyo vinageuka. Ulilia mbele ya kamera ukimwangalia Sifa amelala salama mkekani, kikawa kilio cha furaha. Mimi nikamtoa Sifa, nikaweka mlango mtupu. Kilio ni kile kile, uso wako sikuugusa, lakini sasa kinaonekana ni majuto. Mwigizaji hawezi kujikinga na jambo hilo hata awe hodari vipi. Anatoa machozi yake, sisi ndio tunaamua yalikuwa ya nini.

Sasa neno lenyewe. Katika mswada, Mwavita anasema "Nimemkomboa." Rehan aliwaambia mseme kwa namna yenu, na yeye Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji. Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kusikia ulichosema. Nilikuwa peke yangu chumbani, nikasikia, "Nilimuuza. Mikono hii ilimuuza." Nilisimamisha mashine. Nilishtuka, nakwambia. Nikajiambia, mama huyu ameigeuza filamu nzima kwa neno moja wala hakumwomba mtu ruhusa. Nikampigia Rehan, nikamweleza. Badala ya filamu ya mwokozi, ambayo tumeshaziona nyingi, tulikuwa na mwanamke aliyemtoa mtoto wa watu kwa msafara na akaishi na kosa hilo hadi uzeeni.

Baada ya hapo tulilifuata neno lako. Yale mabishano na mwenye msafara nikayatoa, maana yalikuonyesha ukimwokoa mtoto. Mwisho kabisa, pale Sifa mtu mzima anasukuma kibuyu cha maji unachompa, mwanzoni ilikuwa ni kwa sababu ana homa. Nikaitoa homa. Sasa anasukuma maji kwa sababu anajua nani alimuuza. Tamasha la filamu limetuchagua kwa ajili ya kipande hicho, Mama. Uigizaji wako ndio wanaousifu.

Kwa kawaida ningekwambia watoto hushtuka wakimwona mama yao amekuwa mtu mbaya, mweleze kuwa ni uigizaji, atarudi. Ila umesema neno hilo hilo unalisema kanisani kwa ajili yake. Hapo ndipo nimeogopa. Ulimuuza nani, Mama Joyeuse? Kama hutaki kunijibu, usinijibu. Sitakuhukumu.

Wako,
Fareen

*

Lawrence Heights
15 Oktoba 2025

Fareen,

Barua yako niliisoma kwa simu, ndani ya basi nikienda kazini, kule tunatunza wazee. Nikapita kituo changu, nikapita na kingine.

Unaniuliza nilimuuza nani. Nilimuuza Joyeuse. Siwezi kukataa, kanisa nzima inajua, njo maana nasimama kushukuru. Lakini wewe unaandika majuto. Unaandika mutu mbaya. Nikarudia barua, nikaona "aliyemtoa mtoto wa watu kwa msafara," nikasema huyu binti ameota. Jioni nikamuuliza kijana mmoja wa kwaya yale maandishi ya Kiingereza yalisema nini pale kwa neno langu. Akaniambia kwa Kifaransa. Kifaransa ina maneno mawili kwa jambo hilo, na hayafanani hata kidogo, na alilolitaja si lile langu. Nikakaa chini kwa ngazi za kanisa.

Sikiliza. Kwetu kuuza ni kitu kimoja, kuuzisha ni kitu kingine. Asubuhi naenda dukani kuuza mkate: natoa pesa, naleta mkate, tunakula. Mwenye duka njo anauzisha. Ninyi mnasema kununua. Hilo neno nalijua, nalisoma kwa Biblia, lakini kwa kinywa changu halijakaa hata siku moja. Mwavita alimuuza Sifa, maana yake alitoa mali yake yote, akamutoa mutoto kwa kamba. Wazee wote mule ndani walisikia hivyo. Vijana waliosoma chini waliona mwanamke mwingine. Tulikuwa jumba moja, Fareen, tukitazama film mbili.

Na sasa nikuambie habari ya Joyeuse, maana umeogopa bure, na mimi ninaogopa kwa kweli. Alikuwa bado ananyonya tulipokimbia. Kwa bariyeri, pale wamefunga njia, wenye bunduki walimutoa mgongoni mwangu, wakasema hapa kila kitu kinalipwa. Nilikuwa nimebeba mashini ya kushona kwa kichwa. Nikatoa mashini. Nikatoa vitambaa vyangu vya ndoa. Nikamuuza, wakanirudishia. Kila mwaka siku yake ya kuzaliwa nasimama mbele ya watu na kusema: Bwana, huyu mutoto nilimuuza, mikono hii ilimuuza. Na yeye anasimama kando yangu na gauni nzuri, anatabasamu, kwa sababu ile neno hakuijua vizuri.

Sasa umemufundisha.

Nimemupigia na kumueleza, amekata simu. Anasema nageuza maneno kwa sababu amenishika. Mutoto wangu yuko Malvern anafikiri nilimuuzisha kwa watu wenye bunduki kisha nikamushukuria Mungu mbele ya kanisa, na yeye kando yangu na gauni.

Rudisha ile siku ya kambi ya msafara, kule machimbo. Rudisha yote, uonyeshe nilitoa nini. Na umuandikie mutoto wangu. Wewe njo uliweka lile neno, wewe ulitoe.

Godelive

*

Montreal
16 Oktoba 2025

Mama Joyeuse,

Nimekaa na barua yako tangu jana usiku.

Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Mwanza. Juu ya mlango paliandikwa "Tunauza jumla na rejareja." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyosoma maishani. Tulipohamia Toronto nilikuwa na miaka tisa, Kiswahili kikaanza kunitoka kidogo kidogo, lakini hilo halikunitoka. Ndiyo maana sikumwuliza mtu. Lingekuwa neno gumu, ningeuliza. Hili nililijua mno.

Nimefanya jaribio moja ambalo ningependa nisingelifanya. Nimebadilisha neno moja la Kiingereza, likawa lile lako. Picha sikuzigusa, sauti sikuigusa. Nikakaa nikatazama tangu mwanzo. Mama, ulikuwa mtu mwingine. Pale nilipokuwa naona mwanamke anaficha uso kwa aibu, nikaona mwanamke amechoka, amemaliza kazi nzito. Ile mikono unayoiangalia, mimi niliisifu kwa Rehan, nikasema anaiangalia kama mikono ya mwizi. Kumbe ulikuwa unajivunia. Nimeishi na uso wako kwenye mashine yangu tangu masika, naujua kuliko wa dada yangu, na sikuwa nimeuona.

Halafu nikafika mwisho, Sifa akasukuma kibuyu cha maji, filamu ikavunjika. Kwa nini amfanyie hivyo aliyemkomboa? Nimeijenga nyumba nzima juu ya neno lisilokuwepo.

Nimempigia Rehan. Akasema haiwezekani, tamasha linasubiri kopi, na filamu waliyoichagua ni hii. Akaniuliza, nani atajua? Nikamwambia kanisa zima linajua. Akasema tutazungumza kesho, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kuzungumza.

Joyeuse nimemwandikia. Nimemweleza yote, kuuza na kuuzisha, kosa ni langu peke yangu. Sijui kama atasoma.

Nisamehe. Najua halitoshi.

Fareen

*

Malvern, Scarborough
18 Oktoba 2025

Dada Fareen,

Nimepata barua yako. Naandika kwa Kiswahili ili mama asiseme sijui Kiswahili na ndiyo sababu sielewi. Baba mdogo Gervais ananisaidia herufi, lakini maneno ni yangu.

Nimetafuta kwenye simu. Nimetafuta sehemu nyingi. Kila mahali kuuza ni kutoa kitu na kupata pesa. Baba mdogo anasema sawa na mama. Lakini baba mdogo ni ndugu ya marehemu baba, ni lazima aseme hivyo. Na wewe unafanya kazi na mama. Wote watatu mmepata maana mpya wiki moja, baada ya mimi kuuliza. Wewe ungeamini?

Kila mwaka nilisimama pale. Watu walinipigia makofi. Nilifikiri anasema mtoto wangu nampenda. Unajua inakuwaje kusoma kwenye ukuta kwamba si hiyo? Nilikaa na marafiki zangu, mmoja akasema mama yako anaigiza vizuri sana uovu. Nikasimama nikatoka.

Unasema kuna siku ya kambi, na mmeikata. Unasema humo anamlipia mtoto. Basi usinielezee. Nionyeshe. Kama hakuna, usiniandikie tena.

Joyeuse

*

Montreal
21 Oktoba 2025

Shikamoo Mama Joyeuse,

Joyeuse amenijibu. Kwa Kiswahili, Mama, ukurasa mzima. Amekasirika, lakini anataka kuona siku ya kambi kwa macho yake, na mimi nadhani ana haki.

Ijumaa narudi Toronto. Jumamosi atakuja kwenye chumba changu cha kazi, nitamwonyesha picha zote kama zilivyopigwa, bila kukatwa. Mimi mwenyewe nilizipitia haraka wakati ule. Nilipoona mswada umefika mwisho, nikafunga. Zinaendelea kidogo baada ya hapo, kamera moja haikuzimwa, ila niliona waigizaji wamechoka, nikaacha.

Mimi na Rehan tumegombana siku mbili. Nimemwambia siku ya tamasha akiwemo Mkongo mmoja tu ukumbini, atasimama na kuuliza mbele ya waandishi wa habari kwa nini tumemsingizia mama huyu. Hilo limemwingia kuliko machozi yangu. Amekubali neno lirekebishwe, amekubali na homa ya Sifa irudi, na kama kipande cha kambi kitaingia bila kurefusha sana, kirudi nacho. Ana hasira na mimi. Naona haya kusema, ila nililala vizuri.

Nakuomba ruhusa nimwonyeshe Joyeuse.

Fareen

*

Lawrence Heights
22 Oktoba 2025

Fareen,

Mersi. Barua yako nimeisomea wamama wawili wa kwaya, wamecheza.

Muonyeshe. Aone vile nilitoa chumvi, nikatoa majembe, nikatoa kitambaa nilichofunga, nikabaki na kile cha ndani. Ile siku ya mwisho sikumbuki vizuri nilisema nini, jua ilikuwa kali, na yule aliyeigiza mwenye msafara alikuwa anafanana mno na mutu mmoja. Lakini mutoto aone. Mwambie nimemupikia sombe, ile ninyi mnaita kisamvu.

Godelive

*

Malvern
26 Oktoba 2025

Dada Fareen,

Jana sikusema asante, nilitoka tu. Asante. Samahani kwa kiti nilichoangusha.

Naandika haraka kabla hujaweka kile kipande kwenye filamu. Usikiweke. Nakuomba. Wewe ulikiona na mimi, ukafunga mdomo kwa mkono, kwa hiyo unajua.

Mpaka kwenye kitambaa ni sawa. Chumvi, majembe, kitambaa, yule mwanaume anakataa, anataka zaidi. Kisha ilitakiwa akubali, ndiyo? Mswada ulisema anakubali. Lakini yule mwigizaji alichelewa, akasimama tu anamwangalia. Na mama hakungoja. Hakusema Sifa. Alisema Joyeuse. Alisema, "Joyeuse mumuache. Munichukue mimi, mutoto mumuweke chini." Akaanza kufungua kile kitambaa cha mwisho. Yule mwanaume akasahau kuigiza, akarudi nyuma, akasema kwa Kiingereza basi mama, basi. Na mama hakumsikia. Aliendelea kufungua, polepole, kama anafanya kitu anachojua.

Miaka yote kanisani anasema alitoa mashine ya kushona.

Nilikuwa nataka kujua kama alipokea kitu kwa ajili yangu. Nilikasirika siku kumi na nne kwa sababu ya kitu alichopokea. Sikujua kuuliza alitoa nini.

Tafadhali, rekebisha neno. Weka homa. Lakini hicho kipande usimwonyeshe Rehan, usimwonyeshe mtu. Mama anataka kirudi kwa sababu hajui kamera ilikuwa bado inafanya kazi. Kata. Mwambie kimeharibika. Hata ukikata nusu, ukamaliza kwenye kitambaa, mama atakaa ukumbini akingoja kinachofuata, na atakumbuka. Sitaki akumbuke akiwa amekaa na watu.

Leo narudi nyumbani. Sitamuuliza.

Joyeuse

*

Toronto
29 Oktoba 2025

Shikamoo Mama Joyeuse,

Nimesikia Joyeuse amerudi. Nimefurahi mno, nilimwambia baba, naye hata hamjui, akafurahi.

Kopi ya tamasha imeondoka leo. Neno limerekebishwa. Nimesoma maandishi yote ya chini tangu mwanzo na kijana wa kwaya yenu, tukapata mengine madogo ya kurekebisha. Pale mlangoni nimemrudisha Sifa amelala mkekani, kwa hiyo unapolia watu wanaona unalia kwa nini. Homa ipo. Kibuyu anakisukuma kwa sababu ni mgonjwa, wewe unamwinua kichwa unamnywesha tena, na hapo filamu inakwisha. Rehan alitazama akiwa amesimama. Mwisho akasema, sikujua nimepiga picha za mtu huyu. Ni kweli, hakujua. Wala mimi.

Jambo moja tu limenishinda. Kipande cha kambi kimeharibika. Picha zina kasoro kwenye mashine, nimejaribu kila njia, hazifai kuonyeshwa. Najua ulikitaka sana. Nisamehe, Mama. Mwavita anabaki na neno lake bila mabishano yale, lakini sasa kila mtu atalisikia vile wazee walivyolisikia.

Wako,
Fareen

*

Lawrence Heights
Jumapili, 2 Novemba 2025

Fareen, binti yangu,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata. Neno limerudi mahali pake, na Joyeuse amerudi kwa kitanda chake. Alikula sombe ya siku tatu, ya baridi, hakungoja nipashe moto. Hakuniuliza kitu. Mimi nilikuwa nimepanga maneno ya kumueleza, nikakosa mahali pa kuyaweka.

Umenieleza kipande kimeharibika. Nilisikitika, kisha nikashukuru, na sikujua kwa nini nashukuru. Nilianza kukumbuka kidogo kidogo, nikiwaogesha wazee kule kazini. Yule mwigizaji alivyorudi nyuma. Baridi kwa bega langu. Nikasema hapana, hiyo ilikuwa siku ingine, ilikuwa kule bariyeri. Nikachanganya. Kisha nikakumbuka kule bariyeri hakuna mutu alirudi nyuma.

Leo kanisani pasta alisimama, akasema Mama Godelive atushuhudie, maana habari ya film imefika kila mahali na watu wanataka kusikia vile Mungu aliosha jina langu. Gervais akaniletea mikro ya kusemea. Nikaishika, nikasimama, nikaanza vile nazoeaka: Bwana, huyu mutoto nilimuuza, nilitoa mashini yangu ya kushona.

Joyeuse alitoka kwa vijana. Hakukimbia. Alikuja mpaka mbele, akashika mkono wangu pamoja na mikro, akaizima. Mimi nikamushika. Kisha akaniambia kwa sikio, kwa Kiswahili, yeye ambaye hajanijibu kwa Kiswahili tangu aanze shule hapa: "Mama, keti. Usiwaambie tena ulitoa nini."

Nikaketi. Watu walifikiri nimeshindwa kwa furaha, wakaimba.

Fareen, ile kipande haikuharibika. Usinijibu.

Godelive